Kilo Kumi na Moja za Gona

Mizani ya zahanati ilikufa Novemba mwaka wa themanini na nne, na hadi Mei ya mwaka uliofuata hakuna aliyeizika wala kuifufua. Niliandika barua tatu. Ya kwanza ilijibiwa kwamba jambo langu linashughulikiwa. Ya pili na ya tatu sijui waliwashia jiko gani.

Kwa hiyo wagonjwa wetu wa kifua kikuu walipimwa katika ghala la chama cha ushirika, ng'ambo ya ua wa zahanati, kwenye mizani ileile ya kupimia korosho. Kila Alhamisi walipanga foleni kati ya magunia, wamevua viatu, wale waliokuwa na viatu. Karani wa ghala aliuita uzito wao kwa sauti aliyozoea kuitia korosho, kwa nguvu, ili kila aliye uani asikie na pasije pakatokea ubishi.

"Thalathini na tisa!"

Ndivyo alivyoitwa Gona mara ya kwanza, mwezi wa Desemba, na hapakuwa na aliyecheka. Gona alikuwa mume wa dada yangu Kabibi na alikuwa mgema. Mapaja yake yalijulikana Msabaha nzima. Wanawake waliyatania hadharani mbele ya dada yangu, naye akawajibu kwamba yana mwenyewe. Siku ile alisimama juu ya kile kibao cha chuma na kaptura yake imefungwa kwa kamba ya makonge, magoti makubwa kuliko mapaja. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kiberiti.

Sasa nieleze habari ya minazi, maana ndiyo iliyokuwa rohoni mwa kila mtu, kuliko hata kikohozi.

Gona aligema minazi kumi na minne katika shamba la tajiri mmoja anayekaa Mombasa. Shamba ni la tajiri, ndivyo karatasi isemavyo, lakini huku kwetu mnazi una haki ya mgema maadamu anaupanda. Akiugua, mwenzake humshikia kotama, yaani kile kisu kilichopinda cha kukatia karara, ule mkono wa maua unaotoa tembo, ile pombe ya mnazi, kwa kuwa karara isiyokatwa asubuhi na jioni hukauka na tembo likakoma. Akipona, hupanda mnazi mmoja mbele ya watu, akashuka na kibuyu, akamwaga tembo kidogo chini. Hapo kotama yake imerudi. Akishindwa, minazi yote hurudi kwa mwenye shamba, naye humpa amtakaye.

Aliyemshikia Gona kotama ni Tsuma, rika lake, mtu mpole mwenye watoto saba. Na aliyesimamia shamba kwa niaba ya tajiri ni Lewa. Lewa si mtu wa kuja. Tulichunga mbuzi pamoja, yeye na mimi, na mbuzi wake ndio waliokuwa wakiingia katika mihogo ya watu. Ukubwani alipewa buti na filimbi akasahau tulikotoka.

Januari Lewa alinijia, akaniita ndugu kwa lugha yetu. "Mwenehu, mwenzako hapandi. Bwana mkubwa auliza. Minazi nitaigawa."

"Utamgawia nani? Anayekuletea kuku?"

"Nitamgawia mwenye miguu."

Hapo ndipo nilipofanya lile nililolifanya. Lakini lazima nieleze kichwani mwangu mlikuwa na nini. Mwaka wa sabini na mbili baba yangu aliahidiwa kwa mdomo, mbele ya wazee wanne, kwamba hatahamishwa kabla ya kuvuna mtama wake. Mtama ulivunwa na tingatinga. Wazee walipoulizwa, mmoja alikuwa amekufa na watatu wamesahau. Mimi sikusahau. Nilijifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia sukari kwa sababu ya mtama ule. Kwa hiyo Lewa aliponiambia, "Basi tumpe muda mpaka apone," nilimwuliza kupona ni nini. Nani atakayesema amepona? Wewe? Kesho asubuhi utasema amepona akiwa bado anatema damu. Mimi sikutaka neno la mdomo. Nilitaka namba, kitu ambacho mwongo hawezi kukikunja.

Nikachana ukurasa wa daftari nikaandika: *Gona ataachiwa minazi yake mpaka uzito wake ufike kilo hamsini kwa mizani ya ghala. Ukifika atapanda. Kabla ya hapo haiguswi.*

Lewa aliusoma mara mbili, midomo ikicheza. "Kaingu, wewe waandikia mtu kama gunia."

"Tia sahihi."

Akatia. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya njia kama mwenye njia. Nilimwonyesha Kabibi, na tukakubaliana tusimsumbue mgonjwa kwa mambo ya karatasi.

Baada ya hapo tukala kiapo cha kumnenepesha. Asubuhi uji wa yale mahindi ya njano ya msaada, na sukari ikipatikana. Mchana wali wa tui, au mihogo ya nazi. Jioni wali tena. Zahanati ilimpa maziwa ya unga na mafuta ya kopo, kwa sababu alikuwa chini ya kilo hamsini, na Kabibi aliyatia mafuta hayo katika kila kitu isipokuwa maji ya kuoga. Sindano alichomwa kila siku miezi miwili, kisha vidonge. Na jambo moja dada yangu alilishikilia kama alivyolishikilia mama yetu na mama yake: mgonjwa hanyanyui kitu. Gona alipotaka kwenda kisimani, alinyang'anywa ndoo. Alipotaka kupasua kuni, majirani walikuja mbio wakamwuliza Kabibi kama anataka kuwa mjane.

"Lala," alimwambia. "Kazi yako ni kula."

"Hata kunde hamnipi. Vitu vyeupe kila siku."

"Kunde zitakujaza tumbo upesi ushindwe na wali. Kula."

Naye alikula. Lazima niseme alikula kama mtu aliyetumwa. Februari arobaini na mbili. Machi arobaini na tano. Uso ukajaa, kidevu kikapata mwenzake, tumbo likatangulia. Ghalani watu walianza kumngojea. Alhamisi ikawa kama siku ya ngoma.

"Haya, mpandisheni Gona!"

"Karani, huyu ni daraja la pili sasa, si la tatu!"

"Mmenyeni kwanza mtazame kama ndani mna korosho!"

Kabibi alipiga vigelegele kila kilo. Na mimi nikashangilia pamoja nao. Nilishangilia, naliandika hili ili nisije nikalisahau.

Alhamisi ya pili ya Mei, karani alisukuma kile kidude cha mizani, akakirudisha kidogo, akainua kichwa.

"Hamsini kamili!"

Uani palilipuka. Kabibi aliangusha leso. Mama mmoja alimshika Gona shavu akalivuta kama la mtoto. Na katikati ya kelele hizo nikasikia mtu akipiga makofi taratibu, pa, pa, pa. Lewa alikuwa ameketi juu ya magunia ya shamba, ameleta korosho kupimwa.

"Hongera, Gona. Jumamosi asubuhi basi."

"Jumamosi kuna nini?" Gona aliuliza, bado yumo juu ya mizani.

"Kupanda. Kama andiko lisemavyo."

"Andiko gani?"

Lewa alinitazama. Kabibi alinitazama. Gona alishuka kwenye mizani, akaanza kuvaa ndara zake polepole, na hakumtazama mtu. "Mulamu," aliniambia, kwa jina lile la shemeji tunaloitana kwa heshima, lakini heshima haikuwamo, "andiko gani?"

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei, akavuka ua kwenda kuchukua maziwa yake.

Maziwa hakupewa. Muuguzi wetu aliitwa sista Jedida, mwanamke wa bara, mkavu wa maneno, aliyehudumia kata nzima kwa jiko moja la kuchemshia sindano. Alikuwa na kadi ya Gona mkononi.

"Aliyefika hamsini hapati tena. Maziwa na mafuta vyote."

"Sista," nilisema, "leo ndiyo amefika. Leo hii. Hata jasho halijakauka."

"Si mimi niliyeiandika hiyo. Imetoka juu."

"Juu wapi? Nipe jina. Juu hakuna jina?"

"Mzee Kaingu, usinipigie kelele, nina wagonjwa thelathini na mmoja." Kisha akamgeukia Gona. "Nasikia unataka kupanda mnazi."

"Nasikia hivyo pia," alisema Gona.

"Keti hapo kwenye benchi. Kunja mikono kifuani. Hivyo. Sasa simama, bila kushika kitu."

Gona akainama mbele, akajisukuma. Makalio yalinyanyuka kidogo yakarudi. Akajaribu mara ya pili, akitanguliza kichwa kama mbuzi dume. Mara ya tatu alibaki ameketi, anahema, na akatucheka.

"Benchi lenu lina gundi, sista."

Sista hakucheka. Alimfinya tumbo kwa vidole viwili, kisha paja. Pale tumboni alishika donge. Pale pajani alishika ngozi.

"Kilo kumi na moja mlizomtia ziko hapa," alisema, akirudi tumboni. "Mafuta ni mepesi kurudi, ukila wali na kulala yanarudi. Nyama ya mwili ndiyo kaidi. Inataka kunde, samaki, mayai, na inataka kazi, leo kidogo, kesho kidogo. Nani alimwambia huyu alale miezi mitano?"

Kabibi alikuwa mlangoni. Alisikia. Sikuthubutu kugeuka.

"Kwa hiyo atapanda lini?" niliuliza.

"Akianza leo kutembea na kubeba maji? Mwezi wa Oktoba, labda. Labda Desemba. Kila mwili una mambo yake."

"Niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba kilo hamsini si kupona."

Alinigeuzia kadi niione. "Kadi yenyewe inasema hamsini ni kupona, mzee. Ndiyo sababu nimemnyima maziwa. Nitaandikaje kinyume cha kadi?"

Hebu fikiri. Mizani moja, wala haikuwa mbovu, ilisema kweli tupu, na kwa kweli hiyo mtu akapoteza maziwa asubuhi na minazi Jumamosi. Nilikwenda kwa Lewa jioni ile ile. Nilimkuta anafuta buti.

"Shikamoo," nilimtania, maana ni mdogo wangu kwa mwaka.

"Marahaba," alijibu bila aibu. "Sema."

Nikamweleza habari ya benchi. Nikamweleza mafuta na nyama. Nikamweleza hadi nikajiona mganga. Alipomaliza buti la pili alisema:

"Karatasi unayo?"

"Ninayo."

"Isome."

Nikaisoma.

"Imesema nyama?"

"Haikusema."

"Imesema benchi?"

"Lewa, usinifanyie hivyo."

"Mimi nilitaka tuseme 'mpaka apone.' Kumbuka. Wewe si ndiye mwenye kumbukumbu? Ukaniambia kupona ni nini, ukaniambia mimi mwongo kabla sijasema uongo. Ukataka namba, nikakupa." Akatema mate pembeni. "Bwana mkubwa nimemzuia miezi minne kwa karatasi hiyo hiyo. Sasa amejua imefika. Unataka nimwambie nini, eti benchi lina gundi?"

Habari zilikwisha kumfikia. Mambo ya aibu hayachukui muda huku kwetu.

Ijumaa nilimsihi Gona aseme anaumwa. Atapike, akohoe, aanguke njiani, lolote. Alikuwa ukumbini ananoa kotama juu ya jiwe, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona ameshika kitu tangu Desemba.

"Nikisema naumwa, nitakuwa nasema uongo kwa ajili ya karatasi yako," alisema. "Na wale wote waliokuwa wakipiga makofi ghalani, niwaambie nini? Kwamba tumbo hili ni la kuazima?"

"Waambie wapumbavu. Tulikuwa wapumbavu sote."

"Mimi sikupiga makofi, mulamu. Mimi nilikuwa juu ya mizani."

Jumamosi watu walikuja kama walivyokuwa wakija Alhamisi. Lewa alimwachia achague mnazi, hilo siwezi kumnyima, na Gona akachagua wa kadiri, usio mrefu sana, wenye vipandio alivyovichonga mwenyewe miaka ya nyuma. Tsuma alisimama karibu, kibuyu mkononi, akitazama chini kama aliyeiba. Gona alifunga kotama kiunoni, chini ya tumbo, kwa kuwa juu yake palikuwa hapafungiki tena. Akakumbatia shina.

Kipandio cha kwanza na cha pili vilikwenda. Watu wakasema haya, haya. Cha tatu mikono ndiyo iliyomvuta. Cha nne alipumzika, shavu kwenye gome. Nilikuwa nikiutazama mguu wake wa kushoto. Alipouweka kipandio cha tano, ulianza kutetemeka kuanzia gotini, ukatetemeka hadi unyayoni, kama ngozi ya ng'ombe inapofukuza nzi. Hakupanda tena. Hakushuka.

"Gona!" Kabibi aliita.

"Nipo."

"Shuka, baba!"

"Tumbo lanisukuma nyuma," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza kasoro ya baiskeli. "Nikiachia mkono nakwenda."

Kisha Tsuma alitupa kibuyu, akapanda kwa nyuma, akaweka bega lake chini ya unyayo wa Gona, akasema, "Kanyaga hapa. Usiogope, kanyaga." Wakashuka hivyo, kipandio kwa kipandio, mmoja akiwa ngazi ya mwenzake. Gona alipogusa ardhi aliketi papo hapo mchangani. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kope.

"Basi, jamani," alisema Lewa. "Mmeona."

Nikaanza. Sikumbuki yote niliyosema. Nilisema habari ya mizani ya zahanati na barua tatu, nikasema maziwa, nikasema mtama wa baba yangu, nikamwita Lewa mbuzi wa tajiri na buti zake kwato. Niliwaambia watu tuvamie ofisi ya tarafa siku hiyo hiyo. Wengine walianza kunisogelea, na moto ulikuwa unawaka vizuri.

"Kaingu. Nyamaza."

Alikuwa Gona, bado ameketi. Hakupaza sauti. Alikuwa hana pumzi ya kupazia.

"Lewa," alisema, "ile minazi miwili mifupi kando ya kisima cha ng'ombe. Nani anaigema?"

Lewa alikunja uso. "Hakuna. Ile ni michanga. Haitoi hata kibuyu nusu."

"Nipe mimi."

"Yenyewe?"

"Yenyewe. Ina urefu wa mtu na nusu. Hii kumi na minne mpe Tsuma, asipewe mtu mwingine. Ameishikia vizuri, na ana watoto."

"Miwili!" nilipiga kelele. "Kwa kumi na minne? Gona, usikubali! Haki yako ni kumi na minne, ukikubali miwili umeuza na ya wenzako! Subiri, nitakwenda Malindi, nitakwenda Mombasa kwa huyo bwana mwenyewe..."

"Kumi na minne ni ya mtu wa mwaka juzi," alisema Gona. "Huyo hayupo. Na wewe ulikwenda ukapatana kwa ajili ya aliyekufa, hukunipitia mimi niliyelala ndani, hatua ishirini kutoka mlangoni pako. Hatua ishirini, mulamu. Ungeniuliza, ningekwambia mgema hapandi kwa kilo."

Majibu ninayo mengi sasa. Ningemwambia kwamba alikuwa mgonjwa, kwamba nilimhurumia, kwamba mtu akishavunjiwa nyumba moja hujenga ya pili kwa mawe hata pasipo na haja ya mawe. Yote hayo ni kweli na hayafai kitu.

Lewa alijikuna shingo. Nadhani alitafuta hila ndani ya ombi lile na hakuiona. "Miwili ya kisimani, chukua," alisema. "Tsuma, umesikia."

Tsuma alikuwa analia. Mtu mzima, watoto saba, amepata minazi kumi na minne, analia.

Nililala siku mbili bila kwenda kwa dada yangu. Siku ya tatu nilikwenda, nikaambiwa bwana yuko kisimani. Nilimkuta juu ya kipandio cha pili cha mnazi mmojawapo, kichwa kiko sawa na makuti, anakata karara iliyokuwa nene kama kidole gumba. Mguu wa kushoto ulikuwa unatetemeka. Chini palikuwa na ndoo ya maji aliyoibeba mwenyewe, imejaa nusu, na sahani ya kunde imefunikwa kwa jani.

Nikasimama chini yake, mikono nimeinyoosha juu.

"Wafanya nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Nakushikia."

"Toka hapo, mulamu. Nikianguka nitakuua."

Nilirudi nyuma hatua moja. Akangoja, kotama hewani, mpaka niliporudi ya pili.